Kuku Mgeni

Karibu kila kiwanja cha Butembo na Beni kina kuku. Kuku ni mali ndogo, lakini msaada wake ni mkubwa. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu pesa ya masomo haijalipwa, mara nyingi mama huhesabu kuku wake kwanza. Mtu akiugua usiku, asubuhi kuku mmoja hupelekwa sokoni ili dawa ipatikane. Mgeni wa heshima akifika, huchinjiwa kuku. Tena mavi ya kuku hutiwa chini ya migomba na katika bustani ya kabichi, na mimea husitawi.

Ndiyo sababu kila jamaa hupenda kuongeza kuku wake. Wengine hununua makinda sokoni. Wengine hupewa na ndugu zao. Wengine hulea vifaranga mpaka wamekuwa makinda makubwa. Siku ile makinda wanapofika kuna furaha nyumbani. Lakini mara nyingi furaha hiyo hugeuka kuwa huzuni. Makinda huletwa leo, na leo hii hii hutiwa kati ya kuku wakubwa. Kesho yake mmoja yuko pembeni, damu imemtoka kichwani. Baada ya juma moja au mawili, hata wale wakubwa hawali tena. Wanasinzia, mabawa yamelegea, nao wanakufa mmoja mmoja. Mwenye kuku hulia akisema: «Nani amewaroga kuku wangu?» Pengine humtazama jirani kwa jicho baya.

Hakuna aliyewaroga. Kuku wageni waliingizwa vibaya, basi.

1. Kamba mguuni

Wahenga walisema: «Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.» Maana yake, mgeni hutambulikana upesi, wala hana uhuru sawa na mwenyeji. Methali hii ilitoka katika desturi ya kweli. Kuku aliyenunuliwa leo hajui nyumba yake mpya. Akiachwa huru hutoroka, hupotea majanini au huingia kwa watu wengine. Kwa hiyo hufungwa kamba mguuni, na ncha ya kamba hufungwa kwenye kijiti uwanjani. Siku chache zikipita, hufunguliwa, kwa kuwa sasa amejua pa kulala.

Wazee walikuwa na akili. Walijua kwamba kuku mgeni asipewe uhuru wote siku ya kwanza. Lakini kamba yenyewe ina makosa matatu. La kwanza, kuku aliyefungwa uwanjani yuko katikati ya wenyeji. Wanadonoa punje pamoja naye, wanakunywa katika bakuli moja. Akiwa na ugonjwa, wote wanaupata. La pili, wenyeji wakimpiga, hawezi kukimbia. La tatu, mwewe akishuka, hawezi kujificha. Tena kamba hukata ngozi ya mguu, na kidonda huvimba.

Basi yafaa kushika akili ya wazee na kuacha kamba yao. Kuku mgeni asifungwe katikati ya wengine, bali atengwe mbali nao.

2. Kundi la kuku lina mpango wake

Mtu asiyewatazama kuku vizuri hudhani kwamba wanaishi ovyo ovyo. Sivyo. Kila kundi lina wakubwa na wadogo. Mkubwa hula kwanza. Wa pili hula baada yake, na wa mwisho hungoja mpaka wote wamekula. Jioni kuku wakubwa huchagua mahali pazuri kwenye kijiti cha kulalia, na wadogo huchukua mahali panapobaki.

Mtu wa kwanza kueleza jambo hili kitaalamu alikuwa Thorleif Schjelderup-Ebbe, mtu wa nchi ya Norwe huko Ulaya. Tangu utoto wake alipenda kuwatazama kuku. Alihesabu nani anamdonoa nani, na nani anakimbia. Mwaka 1922 akaandika habari hizo, na wataalamu wa nchi nyingi wakazisoma. Alionyesha kwamba kuku anayemdonoa mwenzake leo atamdonoa kesho pia, na yule mwingine harudishi. Kwa njia hiyo kuku hawapigani kila siku. Kila mmoja anajua mahali pake, na kundi lina amani.

Kuku hujuana kwa kutazamana, hasa kichwa, shingo na upanga, ndiyo ile nyama nyekundu juu ya kichwa. Akiingia kuku ambaye hawamjui, hana mahali katika mpango wao. Lazima mahali pake patafutwe, na kuku hawana maneno ya kupatana. Wanatumia mdomo na makucha. Kwa hiyo kupigana kidogo si uovu, ni desturi ya kuku. Kuku wetu wote wametoka kwa kuku wa porini wa Asia, nao huishi hivyo hivyo katika makundi madogo yenye wakubwa na wadogo.

Lakini huko porini kuku aliyeshindwa hukimbia na kujificha. Katika kibanda kidogo cha Butembo atakimbilia wapi? Anapigwa pembeni mpaka damu inatoka. Na kuku wakiona damu nyekundu, huzidi kudonoa pale pale. Ndivyo kinda anavyokufa kwa usiku mmoja.

3. Ugonjwa huja pamoja na mgeni

Kupigwa ni hatari ya kwanza, nayo yaonekana kwa macho. Hatari ya pili haionekani, tena ni kubwa zaidi. Ni ugonjwa.

Ugonjwa mbaya kuliko yote kwa kuku wa vijijini huitwa Newcastle. Jina hilo ni la mji wa Uingereza ambapo ugonjwa ulionekana mwaka 1926. Mwaka huo huo ulionekana pia katika kisiwa cha Java huko Asia. Katika Tanzania watu huuita mdondo au kideri. Kuku mwenye ugonjwa huu hupumua kwa shida, mdomo wazi. Huhara mavi ya kijani. Mabawa hulegea. Wengine hupinda shingo, huzunguka zunguka, au hushindwa kusimama. Mayai hupungua au huacha kabisa. Katika kundi lisilochanjwa, ugonjwa huu waweza kuua karibu kuku wote. Dawa ya kuuponya hakuna.

Ugonjwa huu huenea kwa pumzi, kwa mate na kwa mavi. Huenda katika kitunga kilichobeba kuku mgonjwa, katika viatu vya mtu aliyekanyaga uchafu wao, na katika mikono ya mtu aliyewashika. Sokoni kuku wa vijiji vingi hukaa pamoja katika vitunga, nao huweza kuambukizana kabla ya kununuliwa. Kati ya Beni na Butembo kuna barabara ya kilometa 50 na zaidi. Kuku aliyefungwa miguu juu ya pikipiki huifika njia hiyo kwa saa chache. Ugonjwa nao husafiri naye, wala haulipi nauli.

Jambo la kukumbuka ni hili: kuku aweza kuwa na ugonjwa, na bado akaonekana mzima. Leo anakula vizuri, macho yanang'aa. Ugonjwa umekwisha kuingia mwilini, lakini dalili hazijatokea.

Tena ugonjwa huenda njia mbili. Mara kwa mara wenyeji ndio wanaowaua wageni. Kuna vijidudu vidogo sana vya matumbo, navyo huleta kuhara damu. Kuku wakubwa wamevizoea, hawaugui, lakini wanavitoa katika mavi yao. Kinda ambaye bado hajavizoea akidonoa katika uchafu ule, huugua vikali. Vijidudu hivyo hupenda mahali penye maji na matope. Ndiyo sababu kibanda kisichokauka ni hatari kwa makinda.

4. Siku ishirini na moja

Watu wa Butembo na Beni wanaijua hesabu ya siku 21. Toka mwezi wa nane wa mwaka 2018 mpaka mwezi wa sita wa mwaka 2020, ugonjwa wa Ebola uliua watu wengi katika nchi hii. Mtu aliyemgusa mgonjwa alifuatwa na kutazamwa siku 21. Kwa nini? Kwa sababu dalili zaweza kuchelewa mpaka siku hizo. Zikipita naye ni mzima, watu wanapumua.

Ebola si ugonjwa wa kuku, wala Newcastle si Ebola. Lakini akili ya kuzuia ni moja. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lenye makao Paris, limeweka siku 21 kwa ugonjwa wa Newcastle pia. Mara nyingi dalili huonekana mapema, siku ya tano au ya sita, lakini huweza kuchelewa. Basi mwenye kuku ahesabu siku 21 tangu siku wageni walipofika. Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Hiyo ni kwa mtu. Kuku mgeni angoje majuma matatu.

Yafaa kuwatenga namna hii:

Wawekwe mbali na wenyeji, kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Nyuma ya jiko, upande wa pili wa nyumba, au kwa ndugu asiye na kuku. Mahali pawe pakavu, pasipo upepo mkali. Butembo iko juu, karibu meta 1,750, na usiku kuna baridi. Beni iko chini zaidi, kama meta 1,100, nako kuna joto. Kinda aliyetoka Beni huhisi baridi ya Butembo. Atandikiwe maranda makavu ya mbao, nayo hupatikana kwa maseremala.

Wapewe bakuli zao wenyewe, za chakula na za maji. Bakuli hizo zisihamishwe kwa wenyeji.

Kila asubuhi mtu ahudumie wenyeji kwanza, wageni mwisho. Kisha anawe mikono kwa sabuni na kusafisha viatu. Akianza na wageni, anapeleka ugonjwa kwa mikono yake mwenyewe.

Kila siku awatazame. Wanakula? Macho makavu? Pua safi? Mavi yakoje? Ainue mabawa na kutafuta chawa. Atazame miguu: magamba yaliyoinuka na kuwa meupe ni alama ya utitiri. Mafuta yakipakwa miguuni mara nyingi huzuia pumzi ya wadudu hao. Shimo la vumbi lililochanganywa na majivu huwasaidia kuku kujisafisha na chawa.

Siku hizi 21 ni wakati mzuri wa chanjo. Iko chanjo ya Newcastle iitwayo I-2. Ilitengenezwa Australia, katika Chuo Kikuu cha Queensland, kwa ajili ya kuku wa vijijini. Huvumilia joto kuliko chanjo nyingine, ingawa nayo yapasa kuwekwa mahali pa baridi. Kuku hutiwa tone moja katika jicho moja, na kazi hiyo hurudiwa kila miezi 3 au 4. Wenyeji na wageni wote wachanjwe, majuma mawili kabla ya kuchanganywa. Chanjo hukinga kuku mzima, haiponyi mgonjwa. Mganga wa wanyama ndiye wa kuulizwa. Katika Butembo yenyewe, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, hufundisha vijana uganga wa wanyama.

Na kuku akifa katika siku hizo? Asiuzwe, asiliwe, wala asitupwe katika mto Kimemi au kijito kingine. Azikwe ndani sana au achomwe moto. Na wenzake wasipelekwe sokoni. Mtu anayeuza kuku wagonjwa ili asipate hasara, hasara yake anawapa watu kumi.

Kuna jambo jingine, nalo yapasa kusemwa kwa upole. Tangu mwaka 2014 jamaa nyingi za teritwari ya Beni zimehama vijiji vyao kwa sababu ya mauaji. Wengi wamepokewa na ndugu zao mijini. Mama aliyekimbia aweza kufika na watoto, sufuria, na kuku wawili katika kitunga. Kuku hao wawili pengine ndio mali yote iliyobaki. Mwenye nyumba atafanya nini? Akiwachanganya na kuku wake siku ile, jamaa mbili zaweza kupoteza kuku wote. Kisha huja maneno mabaya: «Kuku wenu wameua kuku wetu.» Ndugu wanagombana kwa ajili ya jambo ambalo lingezuiwa kwa ukuta wa matete.

Tuseme mtoto wa nyumba hiyo anamwuliza mama yake: «Mama, kwa nini kuku wa mama mkubwa hawali pamoja na wetu? Mama mkubwa atasema tumemkataa.» Mama mwenye hekima atajibu: «Hapana, mwanangu. Mama mkubwa anakula nasi sahani moja. Kuku wake wanangoja siku zao, ili wake waishi na wetu waishi. Mimi mwenyewe nimemweleza, naye amekubali. Wewe uwapelekee maji, lakini kwanza uwape maji wa kwetu.»

Kutenga kuku si kumkataa mgeni. Ni kulinda mali ya wote wawili.

5. Umri na idadi

Kifaranga mwenye mama hana shida nyingi. Mama humlinda kwa mdomo na mabawa, na kundi humzoea tangu mdogo. Lakini kifaranga asiye na mama hana mtetezi. Asiingizwe kati ya kuku wakubwa. Angoje mpaka mwili wake unakaribia mwili wao. Kwa kawaida ni majuma 12 au zaidi. Kuku wa kienyeji hukua polepole, hivyo huhitaji hata majuma 16. Tena mtu asitazame hesabu ya majuma tu, atazame mwili. Kinda mwepesi wa majuma 16 bado ni kinda.

Asiingizwe mmoja peke yake. Akiwa peke yake, midomo yote inamwelekea. Wakiwa watatu au wanne waliokua pamoja, mapigo yanagawanyika, tena wanalala wakiegemeana. Majogoo nao wahesabiwe. Kwa mitetea kumi jogoo mmoja anatosha. Majogoo wawili katika kiwanja kidogo hawataacha kupigana. Afadhali jogoo kijana auzwe kabla ya vita kuanza.

Nafasi ipimwe pia. Tuseme wenyeji ni 12, na makinda ni 4. Jumla ni 16. Meta moja ya mraba yatosha kuku 4. Basi kuku 16 wanahitaji kibanda cha meta 2 kwa meta 2. Kwenye kijiti cha kulalia kila kuku ahesabiwe sentimeta 20. Mara 16 ni sentimeta 320. Vijiti viwili vya sentimeta 160 vinatosha. Kibanda kikiwa kidogo kuliko hivyo, kikuzwe kwanza. Kuku waliobanwa hupigana hata wakiwa ndugu.

6. Waonane bila kugusana

Siku 21 zimepita, na wageni wote ni wazima. Je, waingizwe sasa? Bado. Wenyeji hawajawaona.

Sasa wageni wasogezwe karibu. Kati yao na wenyeji pajengwe ukuta wa matete au mianzi wenye nafasi ndogo ndogo. Macho yapite, lakini kichwa kisipite. Wakae hivyo juma zima. Siku ya kwanza wenyeji watakuja kwa hasira, manyoya ya shingo yamesimama. Watadonoa ukuta. Siku ya pili watakuja wachache. Siku ya tano watapita kama kwamba hakuna kitu.

Chakula kimwagwe karibu na ukuta pande zote mbili, ili wale wakitazamana. Hivyo wenyeji wanazoea sura za wageni, na wageni wanajifunza nani mkali. Nao wanakijua kiwanja chao kipya, kazi ile ile ambayo wazee waliitaka kwa kamba. Lakini hapa hakuna mguu uliokatwa.

7. Siku ya kuingia

Siku ya kuingia yafaa iwe siku ambayo mtu mmoja atakaa nyumbani. Kuna njia mbili, na zote mbili ni nzuri.

Njia ya kwanza ni ya mchana. Wenyeji wakiisha kushiba, ukuta ufunguliwe, na wote watoke uwanjani. Mahali palipo wazi, kinda ana nafasi ya kukimbia. Uwanja ni bora kuliko kibanda kwa siku ya kwanza.

Njia ya pili ni ya jioni. Kuku haoni vizuri gizani, na usiku hutulia. Giza likiisha kuingia, makinda wabebwe polepole na kuwekwa kwenye kijiti, kando ya wenyeji. Asubuhi wanaamka pamoja. Lakini mwenye kuku asilale mpaka jua kali. Aamke alfajiri na kufungua mlango, kwa maana ugomvi huanza pale wanaposhuka.

Kwa njia zote mbili, mambo matatu yasisahauliwe. Kwanza, chakula na maji viwe mahali pawili au patatu, tena mbali mbali. Bakuli ikiwa moja, mwenyeji mmoja mkali huizuia siku nzima, na kinda hufa njaa mbele ya chakula. Pili, pawe na maficho: ubao ulioegemezwa ukutani, matawi, au kitunga kikuukuu kilichoinuliwa juu ya mawe. Maficho yawe na njia mbili, ili kinda asinaswe ndani. Tatu, kuku wapewe kazi. Kabichi moja ikining'inizwa kwa kamba, wote wataidonoa na kuiacha migongo ya wenzao.

Wale wanaonunua chakula cha kiwandani waangalie jambo jingine. Chakula cha kuku watagao kina chokaa nyingi kwa ajili ya maganda ya mayai. Chokaa hiyo huharibu mafigo ya makinda. Mpaka makinda waanze kutaga, wote wapewe chakula cha makinda, na watagao wawekewe maganda yaliyosagwa katika bakuli yao.

8. Wakati wa kuacha na wakati wa kutenganisha

Watoto wengi wakiona kuku akidonolewa hukimbia na fimbo. Wasifanye hivyo. Mpango mpya hauwezi kupatikana bila kudonoana kidogo. Kinda akidonolewa mara moja na kukimbia, mambo ni mema. Amekubali kuwa mdogo, na mkubwa amemwacha. Mara nyingi jogoo naye huwaamua mitetea wanaogombana.

Lakini kinda akitoka damu, aondolewe mara moja. Kidonda kioshwe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, naye akae upande wa pili wa matete mpaka apone. Asiondolewe mbali kabisa, kwa sababu akikaa mbali majuma mengi, wenzake watamsahau, na kazi yote itaanza upya.

Pengine kuna mwenyeji mmoja tu anayewapiga wote bila kuchoka. Hapo watu hukosea. Humtoa kinda aliyepigwa na kumwacha mpigaji. Afadhali mpigaji ndiye atolewe, atengwe siku tatu au nne. Akirudi, atakuta wengine wamepatana bila yeye. Sasa yeye ndiye kama mgeni, na ukali wake hupungua.

Jioni makinda washikwe kifuani, chini ya shingo. Hapo pana gole, ndicho kifuko cha chakula. Gole likijaa, kinda amekula. Likiwa tupu jioni mbili mfululizo, amezuiwa chakula, naye alishwe pekee. Kinda akila, akipanda kijiti, na akioga vumbini karibu na wenyeji, kazi imekwisha. Mara nyingi amani huja baada ya siku chache, au juma moja hivi.

9. Hesabu ya subira

Siku 21 za kutengwa na siku 7 za kuonana ni siku 28, ndiyo majuma manne. Kwa mtu mwenye haraka ni mengi. Lakini na ahesabu vizuri. Kwa kuokoa majuma manne, aweza kupoteza kuku 16. Na kupata kuku 16 tena, toka yai hadi mtetea atagaye, ni kazi ya nusu mwaka na zaidi. Wakati huo pesa ya masomo haingoji, wala homa ya mtoto haingoji.

Matete hayana bei kubwa. Maji na sabuni vinapatikana. Tone la chanjo ni dogo. Kinachokosekana mara nyingi ni subira. Nyumba yenye subira huwapokea kuku wageni bila kamba mguuni na bila kaburi nyuma ya jiko, na jirani naye hashitakiwi uchawi.

Maulizo

1. Methali «Kuku mgeni hakosi kamba mguuni» ina maana gani? Kamba ina makosa gani?
2. Kwa nini kuku wasiojuana hupigana?
3. Taja dalili nne za ugonjwa wa Newcastle. Ugonjwa huo huenea kwa njia gani?
4. Kwa nini wageni hutengwa siku 21? Nani hupewa chakula kwanza asubuhi, wenyeji au wageni? Eleza sababu.
5. Jamaa moja ina kuku 20. Kibanda chake kiwe na meta ngapi za mraba? Vijiti vya kulalia viwe na sentimeta ngapi kwa jumla?
6. Mwenyeji mmoja anawapiga makinda wote. Yafaa kufanya nini?